Namba Ile Ile, Umri Tofauti: Maswali Yenu Kuhusu Kumpima Mgonjwa

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi wanaojiandaa na mitihani ya vitendo. Nyingine ni za wauguzi waliohamishwa wodi: aliyezoea watu wazima kapelekwa kwa watoto wachanga, aliyezoea wodi ya wazazi kapelekwa kwa wazee. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: nikishapata kipimo, nitajuaje kama ni kizuri au kibaya kwa huyu niliye naye? Wauguzi wakufunzi wetu wamejibu. Barua tumezifupisha.

SWALI: Shikamooni walimu. Darasani tumefundishwa kumpima mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Nikifika wodini naona wauguzi wazoefu wanaanzia popote. Nifuate lipi? (Mwanafunzi, mwaka wa kwanza)

JIBU: Marahaba. Fuata la darasani, ila hao wazoefu hawaanzii popote kama unavyodhani. Kabla hawajafika kitandani wamekwisha kumtazama mgonjwa: anapumua kwa shida au kwa raha, anamaliza sentensi au anakatika kila baada ya maneno mawili, rangi yake ikoje, amekaaje, macho yanamfuata anayeingia au yamezubaa. Mtazamo huo wa sekunde chache ndio unaoamua kama kuna nafasi ya kwenda kichwa hadi mguu. Mgonjwa anayekoroma huku hajitambui haanzi kuangaliwa masikio. Anafunguliwa njia ya hewa, anaangaliwa upumuaji, halafu mzunguko wa damu, kisha kiwango cha fahamu.

Ukisharidhika kwamba hayuko hatarini, kaa chini umsikilize. Kwa kila dalili uliza ilianza lini na alikuwa akifanya nini, iko wapi na inasambaa kwenda wapi, inafananaje, ina ukali gani, kinachoizidisha, kinachoipunguza na kinachoandamana nayo. Uliza dawa zote, zikiwemo za mitishamba na zile alizojinunulia mwenyewe. Mgonjwa akiulizwa "unatumia dawa?" mara nyingi hujibu kuhusu za hospitali tu.

Ndipo mikono ianze kazi. Utaratibu wa kawaida ni kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza. Tumbo ndilo linalovunja utaratibu huu: tazama, sikiliza, gonga, na kupapasa kuje mwisho, kwa sababu ukiminya kwanza unaweza kubadili sauti za utumbo. Anza kusikiliza upande wa kulia chini, ambako sauti hupatikana kwa urahisi. Sauti 5 hadi 30 kwa dakika ni za kawaida. Kabla ya kuandika kwamba hazipo, sikiliza dakika 5 kamili ukitazama saa. Wapo wanaosikiliza sekunde 15 wakaandika "hakuna sauti", na mgonjwa mzima akaishia kunyimwa chakula kwa kudhaniwa utumbo wake umesimama. Mahali anapolalamikia maumivu paguswe mwisho kabisa. Ukianzia hapo atakaza misuli, na tumbo lote litakuwa gumu kama ubao.

Mkono nao una sehemu zake za kazi: mgongo wa kiganja kwa joto, nyama laini ya ncha za vidole kwa mapigo na uvimbe, ukingo wa kiganja upande wa kidole kidogo kwa mtetemo.

SWALI: Tulimpima presha mgonjwa mmoja, mimi nikapata 152/94, mwenzangu akapata 134/82 dakika chache baadaye. Nani kakosea? (Mwanafunzi, mwaka wa pili)

JIBU: Presha haitulii mahali pamoja, kwa hiyo tofauti ndogo haisumbui. Tofauti ya milimita 18 za zebaki kwenye namba ya juu inataka maelezo, na pa kuanzia ni mkanda. Mpira ulio ndani ya mkanda unatakiwa urefu wake ufikie asilimia 80 ya mzingo wa mkono wa juu, na upana wake angalau asilimia 40. Mkono wenye mzingo wa sentimita 30, basi, unahitaji mpira wa urefu wa 24 na upana wa 12. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu kuliko ilivyo. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hutoa ya chini. Kosa hili ndilo tunaloliona kuliko mengine yote, na si la wanafunzi pekee: mkanda mmoja huzungushwa wodi nzima, kwa binti mwembamba na kwa mtu wa kilo 110. Kama hakuna mwingine, andika kwamba mkanda haukulingana na mkono, ili anayesoma asibadilishe dawa kwa kutegemea namba hiyo peke yake.

Pili ni mkao. Mgonjwa akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane, kibofu kikiwa kitupu. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa ndani ya nusu saa iliyopita. Mkono uwekwe juu ya meza au ushikiliwe, sehemu yenye mkanda iwe usawa wa moyo. Kila sentimita 2.5 mkono unaposhuka chini ya moyo, kipimo huongezeka takriban milimita 2, kwa hiyo mkono uliolegezwa ukining'inia pembeni ya kiti unaweza peke yake kuleta zaidi ya nusu ya tofauti yenu. Na asiongee, wala wewe usimwongeleshe. Hapa ndipo wema wetu unapotuharibia kazi: tunamsalimia na kumuuliza habari za nyumbani huku tunajaza upepo.

Tatu ni namna ya kujaza. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono huku ukijaza upepo mpaka mapigo yapotee, ukumbuke namba. Toa upepo wote, subiri kama dakika moja. Weka stetoskopu juu ya mshipa wa ateri kwenye kiwiko, upande wa ndani, jaza hadi milimita 30 juu ya namba ile, kisha shusha milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ni presha ya juu, na pale sauti zinapopotea kabisa ndipo presha ya chini. Sauti hizo alizieleza daktari Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905, na mpaka leo hatua inayorukwa mara nyingi ni ile ya kupapasa kwanza. Kwa baadhi ya wenye ugonjwa wa presha, sauti husikika, hupotea kwa muda, halafu hurudi. Ukijaza kwa kubahatisha ukaangukia kwenye ukimya huo, mtu mwenye 190 utamwandikia 150.

Jambo la mwisho kwa wanaotumia kipimo kinachojazwa upepo kwa mkono: alama zake ziko kila milimita 2. Daftari lililojaa 120/80, 130/80 na 140/90 linaonyesha namba za kukadiria. Na 127/83 ikitoka kwenye kipimo hicho, kuna mtu ameitunga.

SWALI: Nitumie upande upi wa stetoskopu, na moyo wa mtoto nisikilizie wapi? (Mwanafunzi)

JIBU: Upande mpana wenye utando ni wa sauti nyembamba za juu: mapafu, utumbo, sauti za kawaida za moyo. Ubandike kwa nguvu kidogo. Ule wa kikombe ni wa sauti nzito za chini, kama baadhi ya sauti za ziada za moyo. Uwekwe kwa wepesi tu, maana ukiukandamiza ngozi inakazika na kugeuka utando. Siku zote juu ya ngozi. Kupitia nguo utasikia nguo. Kwa mtu mzima, kilele cha moyo kiko nafasi ya 5 kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga wa kushoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka 7 panda hadi nafasi ya 4, karibu na chuchu.

SWALI: Nimehamishiwa chumba cha watoto wachanga. Nahesabu pumzi kwa sekunde 15 na kuzidisha mara 4 kama nilivyozoea, lakini dada mkuu wa wodi ananikataza. Kuna ubaya gani? (Muuguzi)

JIBU: Dada mkuu yuko sahihi. Mtoto mchanga hupumua kwa mafungu: pumzi za haraka, kimya cha sekunde 5 hadi 10, halafu anaendelea. Sekunde zako 15 zikiangukia kwenye kimya utaandika 20 kwa mtoto mzima. Zikiangukia kwenye fungu la haraka utaandika 80. Hesabu dakika nzima, akiwa ametulia, ukitazama tumbo, kwa sababu mtoto huyu hupumua zaidi kwa tumbo kuliko kifua. Kawaida ni 30 hadi 60. Ukipata 60 au zaidi, rudia kuhesabu kabla ya kuamua. Kimya cha zaidi ya sekunde 20, au kifupi zaidi ya hapo lakini mtoto akawa wa bluu au mapigo yakashuka, ni dharura.

Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa upumuaji wa haraka kwa mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida ikae kichwani kama jina lako: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi, kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Ona basi pumzi 45 zinavyobadili maana. Kwa mchanga ni raha mustarehe. Kwa mtoto wa miaka 2 anayekohoa ni dalili ya nimonia. Kwa mtu mzima, ambaye kawaida yake ni 12 hadi 20, ni mtu anayeelekea kuchoka na kuacha kupumua.

Baada ya kuhesabu, mvue shati utazame sehemu ya chini ya kifua. Ikiingia ndani kila anapovuta pumzi, na si mara mojamoja anapolia, kifua kinabonyea. Tazama tundu za pua kama zinatanuka, na sikiliza mguno mfupi kila anapotoa pumzi. Mguno ule watu huuchukulia kuwa mtoto "anajinyoosha". Ni mtoto anayejitahidi kuzuia vifuko vya hewa visisinyae.

Mapigo ya moyo ya mchanga ni 110 hadi 160, yahesabiwe kwa stetoskopu dakika nzima. Joto lipimwe kwapani, mkono ukibanwa ubavuni. Kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Aliyezoea watu wazima husubiri homa ndipo ashtuke, kumbe mchanga mwenye maambukizi anaweza kuwa wa baridi. Ukipata 36.0, mpe joto ngozi kwa ngozi na kumfunika kichwa, na wakati huohuo ujiulize kama ananyonya vizuri na kama amelegea.

Utosi wa mbele uuguse akiwa ameshikwa wima na ametulia. Akilia au akilala chali unaweza kutuna bila ugonjwa wowote. Uliobonyea unaelekeza kwenye upungufu wa maji. Uliotuna na kukaza mtoto akiwa ametulia unataka daktari mara moja. Huo wa mbele hufunga kati ya miezi 12 na 18, wa nyuma kwa kawaida ndani ya miezi 2 au 3.

Na kwa kuwa uko chumba hicho: alama za Apgar, za kupima hali ya mtoto mara anapozaliwa, alizozibuni daktari wa usingizi Virginia Apgar mwaka 1952, hutolewa dakika ya 1 na ya 5. Hazitumiki kuamua kama mtoto asaidiwe kupumua. Asiyepumua anaanza kusaidiwa kabla hata ya dakika ya kwanza kuisha.

SWALI: Mtoto wa miaka miwili anaanza kupiga kelele nikimkaribia tu. Nifanyeje nipate vipimo vya kuaminika? (Mwanafunzi, wodi ya watoto)

JIBU: Usimkaribie. Simama kama mita 2 hivi, ongea na mama au anayemlea, na huku unaongea hesabu pumzi, tazama rangi, tazama anavyotumia mikono na miguu yote, anavyoitikia anapoitwa. Nusu ya kipimo imekwisha na hujamgusa. Kisha mwache apakatwe, mpe stetoskopu aichezee, uiweke kwanza kwa mama.

Kwa umri huu habari ya kichwa hadi mguu isahau. Yanayotaka ukimya hutangulia: mapafu na moyo akiwa ametulia au amesinzia. Yafuate tumbo na viungo. Masikio, koo na chochote kinachouma viwe vya mwisho, maana baada ya hapo hakuna amani tena. Sikio la mtoto wa chini ya miaka 3 livutwe chini na nyuma ili njia inyooke. La mkubwa livutwe juu na nyuma. Akilia wakati wa kuhesabu, andika "akilia" kando ya namba. Mapigo 165 ya mtoto anayepigana na muuguzi hayana maana sawa na 165 ya mtoto aliyelala kimya begani mwa mama. Kwa umri huo akiwa macho na ametulia tungetarajia takriban 100 hadi 140.

Huyo aliyelala kimya ndiye wa kumwogopa. Mtoto ambaye hajali ukimgusa, hageuzi macho, hagombi sindano, si mtoto mwenye adabu. Tafuta dalili nne za hatari kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hajitambui. Moja tu inatosha kumpeleka mbele ya foleni.

Presha isikupe faraja. Mtoto anayepoteza maji au damu hubana mishipa yake na kushikilia presha mpaka dakika za mwisho, ikishuka, amechelewa. Kinachotangulia ni mapigo kwenda mbio, mikono na miguu kupoa, na damu kuchelewa kurudi. Minya ncha ya kidole sekunde chache, kikiwa usawa wa moyo, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Chumba kikiwa baridi jaribu kifuani. Kwa upungufu wa maji, finya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, kwa mstari unaofuata urefu wa mwili, uachie. Ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, hali ni mbaya. Ila kwa mtoto aliyekonda sana kipimo hiki hudanganya, kwa hiyo mzingo wa mkono upimwe pia: kati ya miezi 6 na 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali.

Kuhusu maumivu, huyu hawezi kukupa namba. Kuna mizani ya mambo matano, kila moja alama 0 hadi 2: uso, miguu, utulivu wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kuanzia miaka 3 au 4 wengi wanaweza kuonyesha kwenye picha za nyuso, na namba 0 hadi 10 zinafaa kuanzia kama miaka 8.

SWALI: Mgonjwa asiyeitika kabisa, kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow anapata sifuri? (Mwanafunzi)

JIBU: Anapata 3. Kipimo hicho, kilichotolewa mwaka 1974, kina macho (1 hadi 4), sauti (1 hadi 5) na mwendo (1 hadi 6), na kila sehemu huanzia 1. Andika sehemu zote tatu, kwa mfano macho 2, sauti 3, mwendo 5, jumla 10. Jumla peke yake huficha kilichobadilika. Kwa kuamsha kwa maumivu, minya msuli kati ya shingo na bega. Kusugua mfupa wa kifua kwa ngumi kila saa huacha mtu na michubuko.

SWALI: Vitabu vinasema tazama wekundu, weupe na ubluu wa ngozi. Wagonjwa wangu wana ngozi nyeusi. Natazama wapi? (Muuguzi)

JIBU: Swali hili lilistahili kuwa ukurasa wa kwanza wa vitabu hivyo. Upungufu wa damu utafute ndani ya kope la chini, kwenye ulimi, fizi, viganja na vitako vya kucha. Viganja vilinganishe na vyako au vya mama, mkiwa karibu na dirisha. Ubluu uangalie kwenye ulimi na ndani ya midomo. Vidole vya bluu peke yake huenda ni baridi tu.

Umanjano uko kwenye weupe wa jicho, lakini watu wengi wenye ngozi nyeusi wana rangi ya kahawia au njano pembeni mwa jicho bila ugonjwa. Mwambie atazame chini, uinue kope la juu, na uthibitishe kwenye kaakaa. Kwa mtoto mchanga bonyeza ngozi ya paji la uso au kifua kwa kidole, uachie, utazame rangi inayobaki. Umanjano ndani ya saa 24 za kwanza haungojewi, na viganja na nyayo kuwa vya njano ni dalili ya hali kali, siku yoyote ile.

Kidonda cha mgandamizo kinachoanza hakitakuwa chekundu. Papasa kisigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio kwa mgongo wa kiganja: patakuwa pa moto au pa baridi kuliko ngozi ya jirani, pagumu au pa kubonyea, na mgonjwa atakuambia panauma.

Oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, nayo ina kasoro zake. Kwenye ngozi nyeusi inaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo, kwa hiyo 93 ya mtu anayehema isikutulize. Rangi ya kucha, mikono baridi na kutikisika huiharibu pia. Linganisha mapigo inayoonyesha na yale unayoyashika mwenyewe, yasipofanana usiamini asilimia. Mwenye damu kidogo anaweza kusoma 99 huku mwili unakosa oksijeni, kwa kuwa kifaa kinahesabu sehemu ya damu iliyobeba oksijeni na hakijui damu yenyewe ni kiasi gani.

SWALI: Msichana wa miaka 15 kaja na mama yake, tumbo linamuuma. Kila nikimuuliza anajibu mama. (Muuguzi, wagonjwa wa nje)

JIBU: Mwache mama amalize, ana mambo ya kukuambia. Halafu sema mbele ya wote wawili kwamba vijana wote wa umri huu unaongea nao peke yao kidogo, ndio utaratibu. Ukilifanya la wote, hakuna anayejiona anashukiwa. Mkiwa wawili, mweleze kwanza ni yapi utayatunza na ni yapi huwezi kuyatunza: hatari ya kujidhuru, au kudhuriwa na mtu. Anza na mepesi, nyumbani na shuleni, ufike kwenye usingizi, huzuni, vilevi, uhusiano, hedhi ya mwisho. Maumivu ya tumbo ya msichana aliyevunja ungo hayajapimwa mpaka ujauzito uulizwe bila mama kuwepo na, kwa ridhaa yake, upimwe.

SWALI: Na mjamzito? Namba zake ni zile zile za mtu mzima? (Mwanafunzi wa ukunga)

JIBU: Karibu, lakini usizilinganishe kwa macho yale yale. Mapigo yake hupanda kwa 10 hadi 20 kwa dakika, na hilo halina neno. Presha ya 140/90 baada ya wiki 20 ina neno sana: rudia, pima protini kwenye mkojo, uliza kuumwa kichwa, kuona ukungu au nyota, maumivu juu ya tumbo. Ikifika 160/110 anahitaji matibabu saa hiyohiyo. Usimlaze chali kwa muda mrefu ujauzito ukishakua; mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa, presha ikashuka na akasikia kizunguzungu. Mgeuze kidogo kushoto. Kimo cha mfuko wa uzazi kipimwe kibofu kikiwa kitupu: kuanzia wiki 20 hadi kama 36, sentimita hukaribiana na wiki, tofauti ya 2 ikivumilika. Ukisikiliza moyo wa mtoto, 110 hadi 160, shika mkono wa mama wakati huohuo. Mapigo yakienda pamoja, unasikiliza ya mama.

SWALI: Mzee wa miaka 82 kaletwa na wanawe, wanasema "amebadilika" tangu juzi. Joto 37.2, presha nzuri, mapigo 78. Nikaandika hana tatizo. Usiku akazidiwa. Nilipitwa na nini? (Muuguzi)

JIBU: Neno "amebadilika tangu juzi" lilikuwa kipimo chenye uzito kuliko vingine vyote ulivyochukua. Kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya saa au siku chache, kunakopanda na kushuka ndani ya siku moja, ni ugonjwa wa ghafla mpaka ithibitishwe vinginevyo: maambukizi, upungufu wa maji, dawa, mkojo kuziba, sukari, moyo. Usahaulifu wa uzeeni huja kwa miezi na miaka. Mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. Aliyechanganyikiwa ghafla hupotea njiani kwa kushindwa kuzingatia. Na wapo wanaochanganyikiwa kwa ukimya, wamelala tu. Hao ndio wanaopita bila kuonekana, kwa sababu hawasumbui wodi.

Joto 37.2 ulilisoma kwa kipimo cha kijana. Wazee wengi wana joto la chini siku za kawaida, na kupanda kwa nyuzi 1.1 juu ya kawaida yake mwenyewe kunatosha kushuku maambukizi. Mapigo 78 yanaweza kuwa kazi ya dawa za presha zinazozuia moyo kwenda mbio. Omba mfuko wenye dawa zote, uzisome moja moja.

Kabla ya kusema mzee haelewi, hakikisha anasikia na anaona. Miwani ivaliwe, kifaa cha kusikia kiwashwe, keti mbele yake uso ukiwa kwenye mwanga, ongea taratibu kwa sauti nzito. Kupayuka huifanya sauti iwe nyembamba, na sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea uzeeni.

Presha "nzuri" ilipimwa amelala au amekaa? Mlaze dakika 5, pima, msimamishe, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, mzee huyo ataanguka akienda chooni usiku. Kama anaweza, ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Sekunde 12 au zaidi zinaonyesha hatari ya kuanguka. Ngozi ya mkono usiifinye kutafuta upungufu wa maji, imelegea kwa umri. Finya chini ya mtulinga, tazama ulimi na uulize mkojo.

SWALI: Msimamizi wangu amefuta neno "kawaida" kila mahali kwenye taarifa yangu. Kwa nini, kama kweli ni kawaida? (Mwanafunzi, mwaka wa tatu)

JIBU: Kwa sababu anayekuja zamu ya usiku hawezi kulinganisha na "kawaida". Andika ulichoona, ulichosikia na ulichoshika. Badala ya "kifua kawaida", andika: "Pumzi 18 kwa dakika, kifua kinapanda sawa pande zote, hewa inaingia sawa hadi chini ya mapafu, hakuna mikwaruzo wala filimbi." Badala ya "kidonda kizuri": "Sentimita 4 kwa 3, kina cha sentimita 1, nyama nyekundu, majimaji kidogo yasiyo na harufu." Maneno ya mgonjwa yaweke kwenye alama za kunukuu, usiyatafsiri kuwa ugonjwa.

Unapompigia daktari, sema wewe ni nani na mgonjwa ni nani, nini kimebadilika, historia kwa sentensi mbili, vipimo vya sasa na vya awali, halafu unachoomba. Wengi huishia kwenye vipimo wakabaki kimya wakingoja aombe yeye. Sema: "Naomba uje umwone sasa."

Na ukichelewa kuandika, weka saa uliyopima na saa unayoandika, zote mbili.